Namba ya Matron

Tulimzika Mwalimu Ouko kwao, ndani kidogo ukitoka Awasi, siku ambayo jua lilikuwa kali mpaka watu wakabanana chini ya hema kama vifaranga. Mimi nilikuja na kwaya. Tulipomaliza kuimba pale kaburini nikatafuta kiti cha plastiki, nikakaa, nikavua viatu vinavyonibana, na hapo ndipo nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Haiya! Mama Neema, kwani wewe huzeeki?" Sikuhitaji kugeuka. Kuna mtu mmoja tu anayeita jina la mtoto wangu kama anaita wateja sokoni. "Mimi nazeeka," nikamjibu, "ni wewe macho imeisha." Tukashikana, tukalia kidogo, tukacheka, tukalia tena. Ni Mama Wambui, aliyekuwa akiuza mitumba pale soko la Kibuye, mwenzangu wa darasa la jioni. Alirudi kwao Nyeri kutunza mama yake na tangu hapo tulikuwa tukisalimiana kwa simu tu. Amenenepa, amekuwa na mvi, lakini mdomo ni ule ule. Akanong'ona, "Na Matron? Ako?" Nikamwonyesha kwa kidevu. Chini ya hema la wageni, mbele kabisa, walikuwa wamemtolea kochi la ndani ya nyumba, na yeye amekaa juu yake na fimbo yake na kofia nyeupe ya kanisa, mgongo umenyooka. Mama Wambui akamwangalia, akasema, "Bado anakaa kama anangoja ripoti." Basi nikashindwa kujizuia, nikacheka kwa matanga ya watu, na mama mmoja akanigeukia kwa macho makali.

Ni hiyo ripoti ndiyo ilinifanya nikajua Mwalimu alikuwa mtu wa aina gani. Mwaka huo nilikuwa nimepata kazi ya dirishani kwa zahanati moja ya kanisa karibu na ziwa, upande ule ambao asubuhi unanuka omena za kuanikwa. Shule nilikuwa nimeiachia njiani. Sababu sitaeleza, kila mtu ana zake. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha kina mama na watoto kwa kompyuta: jina, unatoka wapi, mtoto anaumwa nini, ingia chumba kile. Programu yenyewe aliitengeneza Mwalimu Ouko, na malipo aliyoomba ni chumba. Alitaka chumba cha kufundishia watu wazima kompyuta jioni, watu kama mimi ambao vyuo vya mjini vinawaitisha cheti cha fomu foo kabla hata ya kuwasalimia. Matron, mkuu wa zahanati, ndiye aliyempa. Kilikuwa stoo ya neti za mbu, na hata tulipoingia neti hazikutoka, zilibaki zimepangwa ukutani mpaka karibu na dari, na ile dawa yake ilikuwa inatuwasha pua. Neema wangu alikuwa mdogo. Alikuwa analala juu ya bunda moja la neti, kiatu kimoja mguuni, wakati mama yake anajifunza kuandika amri kwa mashine.

Tulikuwa wachache, wengi wetu wanawake. Tulifika baada ya kazi, jua likiwa bado juu ya maji, na Mama Wambui alikuja na hotpot yake. Hapo ndipo masomo yalikuwa yanaanzia, kwa chakula. Yeye alisema ni githeri, mimi nikasema ni nyoyo. "Nyoyo haiwekwi karoti," nilikuwa namwambia. "Mmeharibu kitu ya watu." Na yeye: "Nyinyi mnachemsha mahindi na maharagwe mnaacha ikiwa uchi, halafu mnaita chakula." Mwalimu alikuwa anakula amesimama, kwa kifuniko, shati lake likiwa na chaki mpaka kiwiko. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, anakohoa kidogo kabla ya kusema, na sisi wote alituita wakubwa. "Wakubwa, tumalize, tuanze."

Siku aliyotufundisha mambo ya nyuzi naikumbuka kama jana. Alisema programu ya seva haifanyi kitu kimoja. Inafanya vingi kwa pamoja, na kila kimoja kina uzi wake: uzi wa dirishani kwangu, uzi wa kutuma meseji za kuwakumbusha kina mama chanjo, uzi wa kuweka nakala, uzi wa ripoti. Tukamtolea macho. Akafuta ubao, akachora jiko. "Hii mashine yetu ni ya zamani," akasema, "ina jiko moja. Sufuria ni nyingi. Kila sufuria inapata moto kidogo, inashushwa, ingine inapanda. Inaenda haraka mpaka wewe unafikiri zote ziko kwa moto. Sasa nani anapanda kwanza? Hapo ndio unaweka namba. Moja mpaka kumi. Mwenye namba kubwa akitaka moto, mwenye namba ndogo anashuka." Hiyo tulielewa. Hakuna mwanamke pale ambaye hajawahi kupikia watu wengi kwa jiko moja.

Halafu tukakaa kugawa namba, darasa zima, na hapo ndipo tulipoharibu. Ungetusikia ungedhani tunapanga viti vya harusi. Ripoti ya Matron ilikuwa kazi ya nyuma, kazi ambayo hakuna mtu amesimama mbele yake. Inahesabu kadi za wagonjwa wote tangu zahanati ianze, inachukua muda wake. Lakini ilikuwa na jina la Matron. Mama Wambui akasema, "Huyu ndiye ametupatia nyumba. Tutamwekaje chini?" Mzee mmoja wa darasa, aliyekuwa askari wa geti, akasema Matron ni kama mama mkubwa wa boma, yule mke wa kwanza, na kwao mama mkubwa ndiye anaanza kupanda mbegu, wengine wote wanangoja hata kama mvua inawapita. Tukaitikia. Kwangu pia ni hivyo. Sijawahi kuona mama mkwe anasimama mlangoni wakati watoto wanapakuliwa. Kwa hivyo Matron, kumi. Daktari, nane. Dirisha, tano, ya kawaida. Meseji na nakala, chini huko. Mwalimu akashika chaki, akatazama ile kumi muda mrefu, akakohoa, akaandika vile tulivyosema. Ikaenda kwa mashine hivyo hivyo.

Matron alikuwa anashuka kutoka Milimani kila asubuhi na gari yake ndogo, anasalimia kila mtu kwa jina, anaingia ofisini, anawekewa chai, na akishaweka kikombe mezani anafinya ripoti. Wiki kwa wiki kadi zilivyoongezeka, ripoti nayo ikawa nzito. Mimi dirishani naona skrini inasimama. Kile kiduara kinazunguka. Mama amesimama mbele yangu na mtoto anachemka kwa homa, nimeandika nusu ya jina, na hakuna kitu naweza kufanya. "Nyathina," bibi mmoja aliniambia, kama anaita mtoto wake, "hiyo TV yako imekwama?" Mwingine nyuma akasema, "Haijakwama, imeenda kunywa chai." Wakacheka, lakini ni kicheko cha watu waliochoka. Mtoto mmoja alitapika kwenye foleni. Nikatoka nikafagia, nikarudi, kiduara bado.

Kati ya dirisha langu na ofisi ya Matron kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba tu. Asubuhi moja nikasikia mzee wa kamati ya zahanati yuko huko ndani, anaongea kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. "Matron, hii mashine imetuaibisha. Tutoe, turudi kwa kadi. Na hiyo chumba ya nyuma irudi stoo. Darasa liko pale kwa sababu ya mashine. Mashine ikitoka, darasa litoke." Matron akamwomba, "Mzee, nipe mpaka mwisho wa mwezi." Nilikaa na kalamu mkononi. Watu wengine darasani walikuwa na pa kwenda. Mimi sikuwa na mahali pengine ambapo mwanamke asiye na cheti, mwenye mtoto wa kulaza, angefundishwa kitu cha maana bila kuchekwa. Ile stoo ikifungwa, na mimi nimefungwa nayo. Nilisali hapo hapo, sala fupi, ile ya mtu ambaye hana maneno, nikaita anayefuata.

Jioni nikamwambia Mwalimu kile nilichokuwa nimeona: dirisha linasimama Matron akikunywa chai. Akakaa kwenye bunda la neti, karibu na miguu ya Neema. "Najua," akasema. Mama Wambui akaruka: "Unajua? Tangu lini?" Akasema tangu siku ya kwanza. Kitabu kinasema kazi ya nyuma ipewe namba ndogo, isisukume mtu aliyesimama. "Nilishika chaki nikijua. Lakini mkono ulikataa. Nitaandikaje moja kando ya jina la mama kama yule?" Hakuna aliyemcheka. Mkono wa nani pale ungekubali? Mama Wambui akasema basi abadilishe kimya kimya, Matron ataona wapi. Mwalimu akatikisa kichwa. "Ripoti itachelewa, ataniita, ataniuliza. Siwezi kumdanganya uso kwa uso. Na kumshusha mtu mkubwa bila kumwambia, hiyo ni mbaya kuliko kumshusha." Mmoja mmoja wakaanza kuniangalia mimi. Ni mimi niliyekuwa naona nyuso za wale kina mama. Nikasema, "Aya. Nitaenda."

Ofisi ya Matron ilikuwa na pazia la kijani na harufu ya spiriti na mandazi. Mandazi yalikuwa kwenye sahani, yamefunikwa kitambaa alichoshona mwenyewe. Nikasimama karibu na mlango. "Keti, Mama Neema." Nikasema niko sawa. "Keti, unaniziba mwanga." Nikaketi. Nikamweleza kwa jiko na sufuria, vile Mwalimu alivyotueleza, mpaka nikafika kwa ile kumi. Akaweka kikombe chini.

"Kwa hivyo ni mimi nimekalia jiko."

"Si wewe, Matron. Ni namba tuliyokupa."

"Nani alinipa?"

"Sisi wote. Ilikuwa ni heshima."

Akageuka akatazama ule ukuta wa mbao. Huko upande wa pili mtoto alikuwa analia, kile kilio cha chini cha mtoto mgonjwa. Akasikiliza. "Siku zote hizi ninasikia hii kelele nikikunywa chai," akasema, "nafikiri ni watu tu wamekuwa wengi." "Sasa mnataka kuniandika ngapi?"

"Moja."

"Moja ya mbele?"

"Moja ya nyuma, Matron."

"Ya nyuma kabisa?"

"Kabisa."

Akanitazama juu ya miwani. "Kama ningekuwa mama mkwe wako, ungekuja kuniambia hivi?"

"Ningekimbia, Matron. Sasa hivi ungenipata Ahero."

Alicheka mpaka akashika kifua. Akafunua mandazi, akanisukumia moja, akasema, "Kula, halafu mwambie Ouko aniandike moja. Na mwambie akome kuniogopa."

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Dirisha likawa jepesi, ni kweli, jina unaliandika linaingia. Lakini mvua ikaja, mashamba ya mpunga ya Ahero yakafunikwa, watu wakahamia kwa shule na kwa jamaa zao mjini, na wengi wakaletwa kwetu na watoto wanaohara, wanaokohoa. Kuanzia asubuhi hadi tunafunga, dirisha halikupumzika hata kidogo, na jioni mashine inazimwa kuokoa betri kwa sababu stima ilikuwa inapotea. Sasa fikiria sufuria ya namba moja. Kila wakati inataka moto, kuna sufuria ya namba tano inafika. Ripoti haikutoka. Siku ingine, haikutoka. Meseji za chanjo nazo hazikuenda, na mama mmoja akaja na mtoto wake amepitwa na chanjo, ananiambia bila hasira, "Nilingoja simu yenu iite. Nikafikiri mmetusahau kwa sababu ya maji."

Jioni hiyo Matron alikuja darasani mwenyewe. Hakuwa amewahi kuja. Alisimama mlangoni na mwavuli unaochuruzika, tukasimama wote kama watoto. Alisema wale wa makao makuu hawatoi dawa bila ripoti, na dawa ya kuhara imebaki kidogo, na mzee wa kamati amempigia simu tena, mwisho wa mwezi umefika. Hakuinua sauti. "Mlinipa moja, nikakubali," akasema. "Nilikubali kungoja. Sikukubali kusahauliwa."

Mwalimu alifungua mdomo kuomba msamaha. Mimi nikasikia nimeshaanza kuongea. Nikasema nyumbani sufuria ya maharagwe ndiyo inangoja siku zote, unaishusha kwa ajili ya uji wa mtoto, unaishusha kwa ajili ya chai ya mgeni. Lakini mpishi hawezi kuishusha tu mpaka ichache. Ikikaa sana chini, hata kama kuna mgeni, unairudisha kwa moto kidogo. "Hakuna namba inapanda?" nikauliza. "Kila ukingoja, inapanda?" Mwalimu akanitazama na uso ambao sijasahau, uso wa mtu ambaye ameona taa inawaka kwa nyumba ya jirani. "Iko, mkubwa," akasema. "Iko, na watu wameifanya zamani sana. Kazi ikingoja, namba inapanda polepole. Ikifika juu ya wengine, inapewa jiko kidogo, halafu inarudi chini kuanza tena. Haimsukumi mtu. Na haifi njaa." Akawasha mashine, akavuta kiti, lakini badala ya kukaa yeye akanielekeza mimi. "Andika. Nitakuambia mahali, wewe andika."

Niliandika na vidole viwili. Mama Wambui alikuwa anasoma kila mstari kwa sauti juu ya bega langu, akiniambia nimesahau mabano. Matron hakuondoka. Alikunja mwavuli, akaketi juu ya bunda la neti kando ya Neema, akamfunika miguu kwa shali yake, na Mama Wambui akampakulia kwa kifuniko cha hotpot. Akala kwa vidole. "Hii ni nyoyo nzuri," akasema. "Nani aliweka karoti?" Mama Wambui akasema, "Matron, na wewe pia!" Mvua ilikuwa inapiga mabati, tunaongea kwa kupiga kelele, na mimi katikati ya hiyo kelele nikawa na utulivu ambao huwa naupata tu nikipiga magoti. Asubuhi yake dirisha likaenda, watu wakaingia, na Matron alipokuwa amekwisha kumaliza chai, amekwisha kuzunguka wodi, amekwisha kurudi, ripoti ikawa inamngoja mezani. Imechelewa, imekamilika. Meseji nazo zikaanza kwenda, moja moja, katikati ya watu. Ile wiki yule mama wa chanjo aliniletea ndizi. Mzee wa kamati alikuja mara moja tu, akasimama nyuma ya kina mama akatazama foleni ikisogea, akaondoka, na stoo ikabaki darasa.

Siku hizi mimi ndiye ninayetunza seva za zahanati kadhaa za kanisa, na vijana ninaofanya nao kazi wananiambia, Mama, mashine za sasa zina majiko mengi, hizo hesabu zako ni za zamani. Nawaitikia. Lakini kila tunapoweka kitu kipya bado ninawauliza nani anangoja hapa na hana sauti, na wanajua hatuendelei mpaka mtu anijibu. Nimejifunza jioni, mtoto akiwa amelala kwenye neti, baada ya kila mtu mwingine kupata wakati wangu. Nikimshukuru Mungu huwa namshukuru kwa hiyo, kwamba hakuna siku alinipeleka mbele kwa kumsukuma mwingine, na hakuna siku aliniacha chini mpaka nikachacha. Mwalimu aliendelea kufundisha hadi kifua chake kikakataa. Siku ya mwisho nilipoenda kumwona hospitalini aliniuliza kama bado naandika na vidole viwili.

Pale matangani chakula kilianza kutoka. Kwetu kuna mpango wake: wakwe, wazee, wageni wa mbali, halafu wengine, na wale wanawake walioamka kupika wanakula mwisho, wakikwangua. Kijana wa familia akapiga magoti mbele ya Matron na sahani ya kwanza, imejaa nyama, na maji ya kunawa. Tulikuwa tumesogea kumsalimia, mimi na Mama Wambui, kwa hivyo nilisikia kila neno. Matron alitazama ile sahani, akatazama kule nyuma ya nyumba kwenye moshi, mahali wanawake wale walikuwa wamejipanga na majasho na leso vichwani. "Peleka kule kwanza," akasema.

"Mama, lakini wewe ndiye mkubwa."

"Ninajua. Peleka. Mimi nimeandikwa moja." Kijana akatugeukia sisi atusaidie. Mama Wambui akamwambia, "Peleka, baba, ameandikwa kweli. Tulikuwepo."

Akaenda. Tukakaa na Matron kwenye lile kochi, mmoja kila upande, tukaongea juu ya Mwalimu, juu ya chaki kwenye kiwiko chake, juu ya neti. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama karatasi ndani ya mkono wangu. Watu walikula kutuzunguka, hemani wakaanza kupungua, jua likateremka. Nilipoona kule jikoni wanawake wamekaa chini na sahani magotini, nikainuka, nikaenda nikapakua mwenyewe, ugali kidogo, supu, nyama laini ambayo hahitaji kuitafuna sana, nikarudi nikamwekea mapajani.

Akaitazama, akanitazama juu ya miwani. "Imepanda?"

"Imepanda, Matron," nikamwambia. "Kula."